Vitumbua vya Saigoni, kwa Shangazi Tatu

Shangazi,

Shikamoo. Najua marahaba yako haitanifikia, lakini nikianza barua bila shikamoo utageuka huko uliko uulize huyu kalelewa na nani. Nimelelewa na wewe. Basi shikamoo.

Ni mimi, Shomari, mwana wa kaka yako, niliyetoroka chuo kabla sijafika nusu ya msahafu, na ndiyo maana herufi zangu zinaegemeana kama wapagazi waliochoka. Usizicheke. Karatasi nimepewa na Mhindi wa vitambaa, kalamu nimeichonga mwenyewe, na nimekaa uani kwako hapa Bagamoyo, juu ya mbuzi yako ya kukunia nazi, kwa sababu ndani bado siwezi kukaa.

Uliniagiza mji mmoja. Nimeuleta, ila nimechelewa. Nimekukosa kwa siku kumi na tisa. Matanga yamepita bila mimi, na kesho kutwa ni arobaini yako. Nataka uwe umeupata mji wako kabla ya watu kuja kula.

Wewe unakumbuka tulivyofika hapa, lakini niache niseme, maana nikiruka neno utasema naficha. Tangu nianze kwenda na meli za moshi, kila nikirudi ulikuwa unaniketisha karibu na jiko, unanipa vitumbua vya moto, na wapagazi waliokuwa wakinunua chakula kabla ya kuingia bara wanasogea kusikiliza. Hukuuliza habari za majumba wala za wafalme. Uliuliza wanakula nini huko. Nani anapika, mume au mke. Kuni zao ni za mti gani. Na mimi, Shangazi, nilikuwa nakujaza upepo. Nikakuambia Bombei mpunga wa wafalme unatwangwa na ndovu, mguu juu mguu chini, na bibi mmoja amekaa pembeni anapeta.

Ukaenda kulisimulia hilo kwenye harusi kule Dunda. Na pale alikuwepo Binti Sefu, aliyekaa Bombei miaka na marehemu mumewe. Alicheka mpaka ushungi ukamvuka. Wanawake wote wakacheka. Hata bibi harusi, aliyetakiwa siku ile ainamishe uso, alicheka.

Hukunigombeza. Siku ya nne ukasema, "Shomari, mimi sijavuka hata mto Kingani. Miguu yangu ni huo mdomo wako. Ukinidanganya, ninapotea mimi." Ukafungua pindo la kanga ukatoa kijaluba chako cha shaba, kile cha uraibu, chenye tambuu na popoo na chokaa, ukanitia mkononi. "Chukua, na kitembee badala yangu. Safari hii niletee mji mmoja tu. Uende polepole. Uniambie kila kilichopita kinywani, na usijipandishe cheo."

Basi naanza na cheo. Mimi si msaidizi wa nahodha. Sijawahi kuwa. Ninatia makaa, chini kabisa, mahali ambapo hata nahodha mwenyewe hajui pakoje. Wewe nadhani ulijua, kwa sababu ndiwe uliyekuwa unaifua kanzu yangu yenye masizi.

Sasa twende.

Mji unaitwa Saigoni. Uko mbele ya Hindi, mbele ya Singapuri, nchi ya watu waitwao Waanamu, na Wafaransa ndio wanaotawala. Hufiki kwa bahari. Meli inaiacha bahari inaingia mto, na mto wenyewe unajipinda mpaka unaiona milingoti ya meli iliyokutangulia ikipita katikati ya miti kama inatembea nchi kavu. Pande zote mbili ni mikoko. Nilipanda juu nikapumue, nikaiona, nikasema moyoni, nimetoka Bagamoyo mwezi mzima nimekula vumbi la makaa, kumbe nimekuja kuangalia mikoko.

Bomba la mashine yetu lilikuwa limepasuka, tukaambiwa tutakaa wiki nyingi. Wenzangu walinuna. Mimi nilikuwa na kijaluba chako na agizo lako, nikashuka.

Ningekuwa nawe, Shangazi, nisingekupeleka sokoni kwanza. Soko lina kelele, ungechoka. Ningekupitisha kwanza njia ya mikwaju. Wafaransa wamepanda mikwaju kando ya njia, imenyooka safu kwa safu kama watu katika swala, na ukwaju unaanguka wenyewe, hakuna anayekukemea ukiokota. Tungekwenda chini ya kivuli hicho uangalie watu. Wanavaa kofia za majani, pana, zimechongoka juu kama kawa la kufunikia chakula. Wanawake wanavaa suruali. Wanaume wanafuga nywele wanazifunga kisogoni, na kwa nyuma humjui nani baba nani mama. Mimi nilimwamkia mzee mmoja kwa heshima zote za bibi, akageuka na ndevu zake.

Na meno yao meusi. Si uchafu, wanayapaka dawa makusudi, yanang'aa kama mpingo. Siku ya kwanza niliogopa. Siku ya kumi nikajitazama kwenye kioo cha kinyozi nikaona meno yangu meupe kama ya mbwa.

Alasiri kunanyesha. Si mvua ya kujificha siku nzima, ni mvua inayokuja kama mgeni mwenye haraka, inamwaga yote, inaondoka, na ardhi inatoa mvuke. Hapo ndipo mji unaanza kunukia. Kila pembe mtu ametua mizigo miwili aliyokuwa ameichukua begani kwa mti mmoja, upande huu jiko lenye moto, upande huu bakuli na viti vidogo vya kuchuchumalia. Jiko linatembea, Shangazi. Mpishi anakufuata ulipo. Nimekaa pale nikifikiri, lau ungekuwa na mti kama ule na mgongo wa zamani, ungewafuata wapagazi wako mpaka Unyanyembe huko bara.

Kuna kitu kimoja lazima nikuambie sasa, kwa sababu ukikinusa kabla sijakueleza utarudi melini. Wanachukua dagaa, wanawatia katika pipa pamoja na chumvi, wanaliacha pipa mwaka mzima, na yale maji yanayotoka chini, ndiyo kitoweo. Wanatia katika kila kitu. Kule Mlingotini kwa wavuvi, siku wanapoanika samaki na jua limekaza, harufu ile ni asumini ukilinganisha na hii. Wiki ya kwanza nilikuwa nikiziba pua. Wiki ya tatu nilikuwa nikiomba niongezewe. Sijui nikuelezeje. Ni chumvi ambayo imekwenda shule.

Nyama ya nguruwe ni tele, kwa hiyo ilinibidi niwe na macho. Mungu akanipa Kasimu, Mwislamu wa Malabari, muuza nguo, anayejua Kihindi kama changu cha kubabaisha na lugha ya Waanamu kama yake mwenyewe. Yeye ndiye aliyeniambia, "Kula kwa yule bibi wa pale mferejini. Yeye hupikia kamba wa majini na nazi tu."

Nikaenda. Nikasimama, Shangazi.

Bibi alikuwa anakaanga vitumbua.

Ninakuapia kwa tumbo lililokuzaa. Mchele uliolowekwa ukasagwa, tui la nazi, manjano kidogo ya kutia rangi, mafuta yamechemka, yanalia chwaa. Tofauti ni hii: wewe ulikaanga kimoja kimoja katika kikaango chako cha udongo, na yeye ana chombo cha udongo chenye mashimo kumi, kila shimo na kifuniko chake kama kofia ya mtoto. Anamimina kumi kwa mkupuo. Juu ya kila kimoja anaweka kamba mmoja, anafunika, anahesabu kwa midomo, anafunua. Hawali na sukari. Wanakizungushia majani mabichi, wanakichovya katika yale maji ya pipa. Kwa mkono. Wale wanaokula wali kwa vijiti viwili, kitumbua wanakila kwa mkono. Nililifurahia hilo kupita kiasi.

Yeye hakunifurahia mimi. Watu wa pale hawajazoea mtu mweusi wa urefu huu. Alinisogezea chakula kwa mwiko, kama unavyomlisha punda wa mtu. Nikala, nikatafuta cha kufanya na mikono yangu, nikafungua kijaluba chako.

Akanyoosha shingo. Akaona tambuu. Akaona chokaa. Akacheka yale meno yote, akatoa kijaluba chake kiunoni, naye ana vile vile, jani lile lile, popoo lile lile. Akanikunjia mkunjo mmoja wa tambuu, nikamkunjia mmoja. Wangu aliutafuna akakunja uso, nadhani popoo letu kavu alilihesabu kuwa kuni. Wake ulikuwa na popoo bichi, na hakuna aliyenionya. Kichwa kilizunguka, jasho likanitoka, nikaegemea jiko lake nikijiona niko tena kwenye makaa. Alinipepea kwa kofia, huku anawaita majirani waje waone jitu lililoangushwa na tambuu.

Tangu siku ile nilikwenda kila siku. Nilikaa kuanzia mvua inapokatika hadi anapokunja viti. Nikajifunza kutomaliza haraka. Kasimu akanitafsiria jina lake: anaitwa Tatu. Hili najua utasema Shomari ameanza. Sijaanza. Huko wanaitana kwa namba za kuzaliwa, na wanaanza kuhesabu kwa mbili, sijui kwa nini, kwa hiyo Tatu wao ni mtoto wa pili. Lakini ni Tatu. Nikamwonyesha kijaluba, nikamwambia Kasimu amwambie, mwenye hiki naye ni Tatu, naye anakaanga hivi hivi. Alikaa na kijaluba chako mkononi mpaka vitumbua kumi vikaungua.

Sasa niandike la aibu, maana uliagiza kweli.

Nilitaka kumshukuru yule mama. Nikajiambia, Shomari, wewe ni mtu wa pwani, una adabu, usiende mikono mitupu. Nikafanya kama tunavyofanya sisi kumheshimu mtu mzima. Nikatafuta sinia. Nikapanga tambuu duara, jani juu ya jani, katikati nikaweka kichala kizima cha popoo na shina lake, nikafunika kitambaa chekundu. Nikavaa kanzu. Na ili ipendeze zaidi nikawachukua wenzangu wawili wa melini, Feruzi na Hamadi, wakanifuata nyuma wamenyoosha migongo.

Watu walianza kutufuata tangu njia ya mikwaju. Nikadhani ni kanzu. Tulipofika mferejini mtaa mzima ulikuwa nyuma yetu. Nikaweka sinia mbele ya Bibi Tatu, nikafunua. Binti yake mjane, makamo yangu, anayemkunia nazi, alitupa kifuu akakimbilia ndani. Bibi akashika mashavu. Majirani wakaanza kupiga mapaja.

Kasimu alikuja mbio, kofia mkononi. Akasema, "Shomari, umefanya nini?"

"Nimeshukuru."

"Umeposa."

"Nimeposa nani?"

"Huyo aliyekimbilia ndani."

Shangazi, nani kati yetu hajui sinia la tambuu na kitambaa chekundu lina maana gani likipelekwa kwenye nyumba yenye mwana mwali au mjane? Hapa hapa tunafanya hivyo. Ningeliona Bagamoyo ningeuliza harusi lini. Lakini nilikuwa nimejaa ujuzi wangu wa dunia, nikadhani adabu ni yetu peke yetu, wao wana majani tu.

Na yule binti akasema kitu kutoka ndani, watu wakaanguka kwa kicheko. Nikamshika Kasimu anitafsirie. "Anasema, tangu uje hapa hujakuna nazi hata moja. Aolewe nawe kwa faida gani?"

Feruzi na Hamadi walikuwa wameketi chini, hawawezi kusimama.

Hapo ningeweza kuongopa. Uongo ulikuwa umekwisha jipanga mdomoni, kwamba mimi nina wake wanne na babangu ni liwali. Nikakumbuka Dunda. Nikamwambia Kasimu asipunguze neno: mimi natia makaa, sina nyumba, sikuja kuposa, nimekosea. Sinia hili limetoka kwa Tatu wa Bagamoyo, aliyenilea, asiyeweza kusafiri, kuja kwa Tatu wa Saigoni.

Bibi hakucheka. Alivua kitambaa, akagawa majani na popoo kwa mikono yake, nusu akachukua, nusu akairudisha kwenye sinia. Kasimu akaniambia ndiyo desturi, anayepokea humrudishia mletaji sehemu. Akasema, "Nusu hii ni ya Tatu mwenzangu." Kisha akasema atamwagiza mfinyanzi akufinyangie chombo chako mwenyewe, cha mashimo kumi. Lakini kinahitaji mwezi, kukauka na kuchomwa na kupakwa mafuta juu ya moto. Na akasema hatanipa kabla sijajua kukitumia, maana hataki nimwaibishe kwako.

Wiki ile ile meli nyingine ilikuwa inarudi Adeni, ikitaka watia makaa. Feruzi na Hamadi wakapanda. Nikawaambia tangulieni, mfikishieni Shangazi salamu, mwambieni nakuja.

Nilibaki, Shangazi. Hakuna aliyenishika. Nilibaki mwezi nikikuna nazi, huku yule binti anapita nyuma yangu anasahihisha, "Polepole, jitu, unakuna na maganda." Nilikuwa na furaha. Ningepanda na wenzangu ningekukuta hai.

Chombo nilikibeba kifuani kutoka Saigoni hadi Adeni hadi Unguja, kimefungwa katika shuka, nimelala nacho kama mke. Shimo moja limepata ufa kwenye ngalawa ya kuvukia kuja huku. Nikaingia uani nikiita kabla sijafika mlangoni. Akatoka binti yako Zena, na nguo ya msiba aliyovaa ilinieleza.

Yeye ndiye aliyenipa yaliyobaki. Kwamba Feruzi na Hamadi walikuja ukiwa umekwisha lala kitandani kwa maradhi. Kwamba Feruzi alikuambia, "Shomari amebaki Saigoni, kwa bibi mmoja, anajifunza kukaanga vitumbua." Na ukacheka mpaka ukakohoa, ukamwambia Zena, "Hii ni kweli. Shomari akiongopa hujifanya mfalme. Hajawahi kujifanya mpishi." Ukamtuma akamwite Binti Sefu, Feruzi arudie tangu mwanzo mbele yake, pamoja na sinia. Zena alipotaka kutuma habari kwa meli ili niharakishwe, ukamkataza. "Mwache. Mimi ndiye niliyemwambia aende polepole."

Sijui nifanye nini na maneno hayo. Nikiyashika upande huu yananipoza, nikiyageuza yananichoma. Siku nyingine nayatafuna tu.

Habari nyingine za huku. Jiko lako Zena analiendesha, ila anachelewa kuamka, na wapagazi wanasema vitumbua vyake ni vidogo. Paka wako amehamia kwa jirani. Wazee wa mtaa wamenisikiliza habari za Saigoni wakaniambia wazi kwamba ndovu wa Bombei alikuwa na ukweli zaidi. Jiko linalotembea, meno meusi, maji ya dagaa wa mwaka mzima, wote wanatikisa kichwa. Nimesema uongo miaka kumi nikaaminiwa, leo nina kweli tupu na hakuna anayeitaka.

Asubuhi ya leo nilijaribu chombo hapa uani. Vitumbua kumi vya kwanza vilishika chini. Kumi vya pili vilikuwa vibichi ndani. Vya tatu, Shangazi, vilitoka duara, kingo kavu, tumbo laini, kamba kakaa juu kama sultani. Binti Sefu alikuja na fimbo yake. Alikula vinne. Kisha akasema chumvi imezidi. Kisha akauliza, "Na yule bibi, alikuwa anafunika kwa muda gani?" Nikamwonyesha kwa midomo, namna alivyokuwa akihesabu. Akakaa kitako kwenye kiti chako, akataka nimweleze tangu kwenye mikoko.

Machozi yalinitoka. Kuni zilikuwa mbichi, moshi ulikuwa mwingi.

Kesho kutwa nitakaanga mwenyewe, kwa watu wote watakaokuja kukusomea. Shimo lenye ufa nimeliziba kwa unga, linashika. Majani ya Tatu wa Saigoni yalinyauka baharini, lakini mapopoo yake yamefika. Nitayagawa baada ya dua, nimtaje kwa jina. Na meli yoyote itakayokwenda upande ule nitatuma mtu na kijaluba chako, kikae kwake mferejini, kwa sababu hiyo ndiyo safari uliyokipa. Atakayeniuliza habari za mji wowote tangu leo, nitamwambia alichokula mtu wa kawaida, na cheo changu nitakitaja mwanzo.

Lala salama, Shangazi. Nimekuletea mji mzima na sikuongeza kitu. Uongo umo mmoja tu, ule wa moshi.

Wako, mtia makaa,
Shomari